Waini ya Kumuaga Jentrix

Habari kwamba Whitney ndiye atakayechagua waini ya kumuaga Jentrix ilimfikia Mumbi akiwa amepanda stuli dukani kwake, pini mdomoni, akimwonyesha mteja jinsi pazia la mtumba linavyoanguka likitundikwa vizuri. Mimi ndiye niliyempelekea. Kama singempelekea mimi, angepelekewa na mtu mwingine ambaye angeifurahia zaidi.

Alishuka polepole. Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye blauzi yake mwenyewe.

"Whitney gani?" akaniuliza, utadhani mtaa wetu wa Noonkopir umejaa akina Whitney wanaojua waini.

"Whitney wa hapo kwa Mama Elphas. Jirani yake."

"Na nani amesema?"

"Mama Elphas mwenyewe. Ametuma kwa group asubuhi. Hujaona?"

Mteja akauliza pazia ni pesa ngapi. Mumbi akamwambia haliuzwi.

Mumbi ni mke wa Njuguna, na sisi sote tunamwita Mama Ciku kwa jina la kifungua mimba wake. Walihamia Kitengela kutoka upande wa Murang'a zamani, wakati uwanja lilipo duka lake ulikuwa bado malisho, wakajenga nyumba ya mawe, na yeye akafungua biashara ya mapazia. Jentrix, huyo Mama Elphas, ni mwalimu, mke wa Wangila aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha saruji. Wao walipanga nyumba mkabala na ya Mumbi, wakalipa kodi miaka nenda miaka rudi. Wenzao walinunua ploti Kisaju, wao wakasema nyumbani ni Bungoma, hapa tumekuja kazi. Sasa Wangila alikuwa amestaafu na walikuwa wanaenda kweli, jambo ambalo Mumbi hakuwahi kuliamini hata siku moja. Mimi ni Ndanu, Mama Munguti, wa nyumba ya kona, na kutoka kwangu unaona milango yote miwili bila kunyoosha shingo.

Tuko na kikundi chetu, Jirani Mwema, na kila mwaka tunafanya dinna. Tunaiita dinna hata ikiliwa mchana. Hapo lazima nieleze desturi yetu ya birika.

Sisi ni watu wa kanisa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusema kwamba waini kidogo na nyama ni dhambi, na hakuna hata mmoja anayetaka kuonekana ameshika chupa. Nyua zetu ni za waya, na barabara inayopita hapo ndiyo inayoenda kanisani. Kwa hiyo Mumbi, katika dinna yetu ya kwanza kabisa, alitupatia dawa. Waini inamiminwa jikoni ndani ya mabirika ya bati, la bluu kwa nyekundu na jeupe kwa nyeupe, yanafunikwa vizuri, halafu anapita nyuma ya viti akituwekea kwenye vikombe vya chai. Chupa zinarudi kwenye gunia nyuma ya tangi la maji. Anayepita barabarani anaona akina mama wakinywa chai. Mke wa pasta ni mmoja wetu, na ndiye huwa wa kwanza kusema kwamba chai yake imepoa, aongezewe.

Kuchagua waini Mumbi alijifunza kwa kaka yake mwenye duka la vileo kule Kisaju, alikosaidia kabla ya mapazia. Na aliijua kazi yenyewe. Akiona mpishi ameachilia mkono kwenye pilipili ya kachumbari, anaanza na ile tamu ya baridi, kwa sababu nyekundu kavu juu ya pilipili inachoma mdomo mara mbili. Anajua nyekundu inaniumiza kichwa na kwamba sitasema, basi ananipa nyeupe bila kuuliza. Anajua nani atachanganya na soda, na huyo anampa ya sanduku, maana ya nini kuharibu nzuri. Sisi wengine tulidhani waini ni waini. Yeye alikuwa akipanga meza nzima kichwani, nani anakula nini na nani anapenda nini, kama vile anavyojua dirisha la kila mteja wake.

Na kwa desturi yetu, aliyechagua ndiye anayemimina. Akimaliza upande huu, upande ule vikombe vimeisha. Mumbi hakai. Anakula jikoni baadaye, akiwa amesimama, kutoka kwenye sufuria.

Urafiki wake na Jentrix ulianzia hapo kwenye birika. Jentrix alilelewa katika kanisa la Wafrendi, watu wasiogusa pombe ya aina yoyote, na hakuwahi kuonja waini mpaka ile dinna ya kwanza. Mumbi alimwekea kikombe. Jentrix akaonja, akafumba jicho moja, akasema, "Kama hii ndiyo walikunywa kwa ile arusi ya Kana, basi bwana arusi alionewa."

Tulicheka mpaka vikombe vikamwagika. Mumbi hakucheka. Alisimama pale na birika lake, ameudhika, na nadhani hapo ndipo alipoamua kwamba lazima ipatikane waini itakayoushinda mdomo ule. Kuanzia hapo, kikombe cha kwanza cha kila dinna kilikuwa cha Jentrix. Mumbi alikuwa akisimama nyuma ya kiti chake, birika hewani, akingoja hukumu. "Hii, bwana arusi angelala vizuri," Jentrix alisema mwaka mmoja, na Mumbi akatembea na sentensi hiyo mpaka Pasaka.

Basi wakawa wawili. Lori la maji likija, wa kwanza kulisikia anamwita mwenzake. Jioni walisimama langoni wakisema hakuna la kuzungumza, na walizungumza mpaka Njuguna akaja kuuliza kama leo watu wanalala njaa. Mimi naishi kona ileile, nina masikio na nina hadithi, na sikuwahi kuitwa kwenye lango lile. Sitajifanya kwamba haikuniuma.

Ndipo akaja Whitney. Msichana mwenye adabu, lazima niseme, mrefu, anafanya kazi katika hoteli moja kubwa Nairobi ambako kazi yake ni waini tu, na ameisomea. Alipanga kile chumba kando ya Jentrix. Kumbe kwao ni Kimilili, karibu na kwa akina Jentrix, na kabla mwezi haujaisha alikuwa anamwita Jentrix "Mayi", mama. Siku zake za mapumziko walipika mrenda pamoja, wakiongea Kibukusu.

Mumbi akiingia, anawakuta wanacheka. Jentrix anageukia Kiswahili papo hapo, kwa heshima, ili mgeni asiachwe nje. Na hiyo heshima ndiyo iliyomkata Mumbi.

"Mbona wabadilishe lugha kama hawakuwa wananisema?" aliniuliza.

"Wamebadilisha ndio usikie."

"Mimi nilikuwa nasikia vizuri kabla huyo hajakuja."

Alianza kuona vitu. Aliona leso ya Jentrix, ile ya kijani, imeanikwa kwenye kamba ya Whitney. Aliona Whitney habishi hodi. Aliona chungu cha Jentrix kimerudi kutoka kwa Whitney kimesuguliwa mpaka kinang'aa, akasema ni kiherehere. Nilimwambia anaumwa na wivu. Akaniambia nishughulike na kona yangu.

Kwa hiyo unaweza kufikiria alivyovuka barabara jioni ile baada ya habari yangu. Mimi nilikuwa hapo kwa Jentrix tayari, nikimsaidia kufunga vyombo kwa magazeti.

"Mama Elphas, nasikia nimefutwa kazi."

"Nani amekufuta? Kuja, nishikie hii sahani."

Mumbi hakushika sahani. "Ile ya waini."

"Aa, hiyo." Jentrix akaweka gazeti chini. "Siku hiyo nataka wewe ukuje tu ukae. Ukae hapa kando yangu, tukule."

"Nikae kama mgeni."

"Ukae kama mtu, Mama Ciku. Kila mwaka unazunguka tu. Huyu msichana yuko na ujuzi, wacha afanye. Wewe pumzika."

Maneno yote yalisemwa, na yalisemwa wazi. Mimi ni shahidi. Lakini mtu mwenye wivu husikia neno moja tu, lile analolitafuta, na Mumbi alikuwa amelipata: yuko na ujuzi. Alirudi kwake nalo. Njuguna alikuwa anatazama taarifa ya habari. Mumbi akamweleza yote, jinsi alivyohudumia watu wale miaka yote hiyo na sasa anaambiwa apumzike kama ng'ombe aliyekauka maziwa.

"Si amekwambia ukae?" Njuguna akasema. "Kaa."

Hakumsemesha Njuguna mpaka kesho yake.

Wiki ya karamu yenyewe, Whitney alikuja dukani kwa mapazia. Nilikuwa hapo nikichagua ya chumba cha Munguti. Alisalimia kwa mikono miwili, akafungua simu, akaanza kumsomea Mumbi chakula kitakachokuwepo: samaki wa kukaanga, mbuzi wa kuchoma kutoka Kisaju, mukimo wa viazi na mahindi, kachumbari, na kuku wa kienyeji wa mchuzi ambaye Jentrix angepika mwenyewe.

"Aunty, samaki na kachumbari nimewekea white kali kidogo, juu ya ndimu. Ndimu ikikutana na waini poa poa, waini inakufa. Mbuzi nimempatia red dry, ile mbavu iko na mafuta mob, yanajaa mdomo. Mukimo inakubali zote. Yenye inanisumbua ni ya kuku. Mayi ameniomba hiyo special, isikuwe tamu sana, isikuwe kali. Anataka chupa moja tu. Amesema ni ya watu wawili."

"Watu wawili," Mumbi akasema.

"Eeh. Wawili tu."

Hakuuliza ni wawili gani. Aliona anajua.

"Nilikuwa nataka kukuuliza, Aunty," Whitney akaendelea, maskini, "wewe ndiye unawajua hawa wamama. Kuna kitu napaswa kujua? Sitaki kuharibu siku ya Mayi."

Mumbi alikunja pazia. Akalikunja tena, pembe kwa pembe.

"Hakuna," akasema. "Nunua tu. Halafu uweke chupa mezani, na zile glasi za mguu mrefu. Watu wazione."

Nilifungua mdomo. Mumbi akanitazama, na nikakumbuka nilikuwa nimekuja kununua pazia.

Jumamosi ikafika. Lori la mizigo lilikuwa limeondoka asubuhi, na nyumba ya Jentrix ilikuwa tupu hata ukikohoa inakujibu. Meza zilipangwa uani chini ya tenti, vitambaa vyeupe, viti vya plastiki vya kukodisha. Tungeanza saa tano, na saa nane Wangila angewasha gari, kwa sababu hapendi kuendesha usiku na walikuwa walale Nakuru kwa Elphas, mtoto wao.

Jentrix alikaa katikati ya meza kuu, amevaa kitenge kipya. Kwenye kiti cha kulia kwake alikuwa amefunga ile leso ya kijani. Mimi, nikiona kiti kizuri namna ile, nilienda moja kwa moja.

"Hapo kuna mtu, Mama Munguti," akaniambia.

Nikakaa mkabala. Baadaye Whitney alipita na trei ya glasi, akataka kuegemea kiti hicho apumue kidogo. Jentrix akamgusa mkono. "Hapo kuna mtu, mwanangu." Hata mke wa pasta alipewa jibu hilohilo, na hakulipenda.

Mumbi alikuwa hajafika.

Whitney akatoa chupa. Akazipanga mezani kwa mstari, lebo zikitutazama sisi, na zikitazama barabara. Akamimina kwenye zile glasi, na jua la Kitengela likaingia ndani ya waini nyekundu ikawaka. Kwaya ilikuwa inarudi kutoka mazoezini. Walipunga mikono. Sisi hatukupunga. Mke wa pasta aliweka serviet juu ya glasi yake, halafu akaweka mkoba mbele ya serviet.

"Karibuni," Whitney akasema. "Hii ni ya samaki."

"Mimi nitakunywa maji, mwanangu."

"Mimi niko na dawa."

"Mimi nangoja kidogo."

Akatueleza habari za ndimu na mafuta, na alieleza vizuri, hata mimi nilielewa. Tulimsikiliza kwa makini kama tunavyosikiliza mahubiri, mikono mapajani. Samaki wakaja, wakaliwa na maji. Glasi zilibaki zimejaa. Msichana alitutazama mmoja mmoja akijaribu kuona alipokosea, na hakuna aliyemwambia.

Ndipo Mumbi akaingia langoni. Alikuwa amesuka nywele, amevaa gauni aliloshonewa kwa harusi ya Ciku, na mkononi ana kiondo kilichofunikwa kitambaa. Uso wa Jentrix ulifunguka.

"Mama Ciku! Umechelewa hivi? Kuja hapa." Akakipiga kile kiti kwa kiganja.

"Nakuja," Mumbi akasema, akapita moja kwa moja mpaka jikoni.

Alipotoka alikuwa na birika mkono huu na birika mkono huu.

Sijui nikuelezeje pumzi iliyotoka kwenye meza ile. Mke wa pasta ndiye alianza: "Ee, chai imefika!" Vikombe vikatokea, wengine walikuwa wamekuja navyo mikobani. Watu wakaanza kuongea, kucheka, kuomba mbavu za mbuzi. Mumbi alikuwa amekuja na waini tamu ya sanduku kutoka kwa kaka yake, ya baridi kabisa, na alipita nyuma ya viti vyetu kwa ule mwendo wake, akimimina bila kumwaga tone. Alinipa nyeupe bila kuuliza. Sijawahi kumwona mzuri namna ile. Kila alipofika mwisho wa meza alitupa jicho upande wa tangi, ambako Whitney alikuwa amesimama akimimina glasi zake ndani ya jagi, moja moja.

Kikombe cha kwanza kilikuwa cha Jentrix, kama kawaida. Mumbi alisimama nyuma yake, birika hewani. Jentrix akafunika kikombe kwa mkono.

"Yangu bado. Kaa kwanza."

Mumbi akatazama ule mkono juu ya kikombe. Najua alichokiona, kwa sababu alinieleza baadaye: aliona anakataliwa. Aliona Jentrix anangoja ile chupa ya watu wawili, yeye Mayi na huyo Whitney wake. Akahamia kikombe cha pili.

"Mama Ciku, chakula kinapoa."

"Nakuja, wacha nimalizie huku."

Upande ule ulipoisha, upande huu vikombe vilikuwa vimekauka. Akarudi jikoni kujaza. Nilimfuata kuchukua chumvi, nikamkuta Whitney pale, anapangusa chupa moja ambayo ilikuwa haijafunguliwa.

"Aunty, si ungeniambia tu," Whitney akasema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka.

"Hukuuliza vizuri," Mumbi akamjibu, akatoka na mabirika yake.

Hotuba zilisemwa. Mwenyekiti alisema Jentrix ni mwalimu wa wote, mke wa pasta aliomba sala ndefu yenye harufu ya zabibu. Mumbi alipigiwa makofi mara mbili, na mtu fulani akapiga kelele kwamba bila Mama Ciku hakuna dinna. Alicheka, akainua birika juu. Jentrix alimwita tena. Nilisikia "nakuja" nyingine. Meza nzima ilikuwa inamwita, huku na huku, na baada ya wiki zile alizopitia, kila sauti ilikuwa tamu kwake.

Wangila akapiga honi.

Jentrix alisimama, na hapo tu ndipo nilipoona. Mbele yake kulikuwa na sahani mbili, kila moja imefunikwa na sahani nyingine. Hazikuwa zimeguswa.

"Mama Elphas, hujakula?"

"Nilikuwa nangoja Mama Ciku," akasema, vile mtu anavyosema alikuwa anangoja mvua ipungue.

Sijui nani alimwambia Mumbi kule mwisho wa meza. Nilimwona tu akija kwa haraka, birika bado mkononi, viatu vya harusi vikizama kwenye vumbi.

"Nimemaliza. Kaa, kaa tukule haraka."

"Wangila amewasha gari."

"Azime! Njuguna, mwambie azime!"

"Mama Ciku." Jentrix akaanza kufungua leso kwenye kiti, halafu akaiacha. "Miaka yote umekuwa nyuma yangu. Mkono wako naujua, hata usiku naweza kuutambua. Lakini sijui hata vile unatafuna. Nilisema kabla nitoke Kitengela, mara moja tu, nikule nikikuona uso."

"Si ungeniambia."

"Nilikwambia."

Na kweli aliambiwa. Walikumbatiana na birika lilikuwa katikati, waini ikamwagika kwenye kitenge kipya na hakuna aliyeangalia chini. Sahani ya Jentrix tulimfungia kwa foil, akala njiani, Wangila alisema baadaye kwamba alikula akiangalia dirishani. Honi ikalia mara ya mwisho pale kwenye kona yangu, kisha gari likashika barabara ya Namanga kuelekea Nairobi.

Watu walitawanyika. Nilibaki kukusanya vyombo, au nilijidai hivyo. Mumbi alienda akakaa kwenye kile kiti cha leso. Sikuwahi kumwona amekaa katika karamu, na kwa kweli alionekana mfupi. Alifunua sahani yake. Kuku wa Jentrix, mukimo, na juu kabisa firigisi, nzima. Kwao Bungoma firigisi ni ya mwenye nyumba, haiguswi na mtu mwingine. Wangila alinyimwa siku hiyo na hakuambiwa ni kwa nini.

Whitney alikuja na ile chupa. Akaifungua, akaweka glasi mbili za mguu mrefu mezani, akamimina moja.

"Hii ndiyo ile ya kuku, Aunty. Ya watu wawili. Mayi alisema ni yenu."

Mumbi alishika glasi waziwazi, uso umeelekea barabara. Mzee wa kanisa alipita na baiskeli, akaangalia, akaendelea kuangalia mpaka karibu aingie mtaroni. Mumbi alionja. Nilingoja aseme kitu. Aligeuka kwanza kutazama kiti cha kushoto kwake, alichokuwa amekalia Jentrix, vile alivyokuwa akitazama kila mwaka kuona hukumu.

"Inaendana," akamwambia Whitney hatimaye. "Imekubaliana na kuku kabisa. Ulichagua vizuri." Akakata firigisi katikati, akala nusu. Whitney akaenda kusimama karibu na tangi na kumwachia nafasi.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na sahani chafu mikononi, na hata wakati huo, Mungu anisamehe, niliionea wivu ile firigisi iliyopoa.

Wanaume wa viti wakaja na mkokoteni. Walikunja tenti, wakavichukua viti vyote, wakavipachika kimoja ndani ya kingine, mpaka vikabaki viwili. Mmoja wao akashika mgongo wa kile kitupu.

"Mathe, hii tubebe?"

Mumbi akaweka mkono wake wa kushoto juu ya kiti.

"Hapo kuna mtu," akasema.